Matembezi ya Ziwa Duluti mwanzoni mwa masika: robo ya njia kwa saa nne

Matembezi ya kuzunguka Ziwa Duluti, pale Tengeru, huuzwa kwa kipimo kimoja: saa moja na nusu, njia nzima, picha mbili tatu za maji, basi. Kwa mtu anayetaka kunyoosha miguu Jumapili, hiyo inatosha. Kwa anayekuja mwezi Machi kuangalia msitu unavyoamka, ni hasara, maana mwendo huohuo ndio unaomfukuzia alichokifuata. Tathmini hii ni ya matembezi hayohayo na kiingilio kilekile, ila yakitumiwa kwa namna nyingine: robo tu ya njia, kwa saa nne. Yakifanywa hivyo yanapata nyota nne kati ya tano. Yakifanywa kwa mtindo wa kawaida, mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya mandhari.

Duluti ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano ya zamani, chini ya Mlima Meru, mwinuko wa kama mita 1,290 kutoka usawa wa bahari. Maji yake yanachukua hekta 63 hivi, kina chake ni kama mita 9, na huoni mto ukiingia wala ukitoka. Maji hupita chini kwa chini. Msitu wenyewe, ule uliobaki kwenye kingo za kreta, ni hekta 19 tu. Ishike namba hiyo. Umebanwa na mashamba, migomba, nyumba na taasisi, kwa hiyo kima, kenge na ndege wote wa hapo wanaishi kwenye pete nyembamba ya miti kati ya maji na makazi ya watu. Kwa uhifadhi huo ni mtihani. Kwa mtazamaji ni nafuu, kwa sababu hakuna haja ya kuwafuata wanyama mbali. Ukitulia mahali pamoja, watapita mbele yako, kwa kuwa hawana njia nyingine ya kupita.

Sasa kuhusu majira. Ulaya msimu wa kuchipua huletwa na joto na mchana unaorefuka. Huku mchana haubadiliki sana mwaka mzima na baridi si kali kiasi cha kulaza msitu. Kinacholaza msitu ni ukame na kinachouamsha ni maji. Wengi hudhani miti husubiri mvua inyeshe ndipo itoe majani. Mingi haisubiri. Wiki mbili tatu kabla ya masika, ardhi ikiwa bado inatoa vumbi, huanza kuchipua kwa maji iliyoyaweka kwenye shina na yale ambayo mizizi mirefu inayafikia chini. Mvua inapofika majani yako tayari kufanya kazi. Kwa hiyo anayekuja mvua zikishakolea amechelewa sura ya kwanza. Kipindi kizuri ni kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi wiki mbili hivi baada ya mvua ya kwanza ya kweli, ile inayoloanisha udongo hadi kiganja kimoja chini, si rasharasha ya kuzima vumbi. Aprili ikikolea, majani yamefunga juu, njia ni utelezi, na asubuhi nyingi ukungu haukuonyeshi hata ng'ambo ya ziwa.

Jua la Machi huchomoza Arusha kama saa 12:40 asubuhi. Uwe umekaa mahali pako wakati huo. Nimesema umekaa, maana ukiwa ndio kwanza unalipa getini, saa ya kwanza imekwenda, na saa ya kwanza ndiyo yenye nusu ya thamani ya siku nzima. Hapa ndipo huduma ya kawaida inapoanguka: matembezi mengi hupangwa kuanza saa tatu, baada ya chai, wakati ndege wa msituni wameshanyamaza na mwanga unapenya majani kwa mabaka makali yanayochanganya macho. Suluhisho ni simu moja siku moja kabla. Uliza mambo matatu. Je, kuna mtu atakayekupokea saa 12 asubuhi? Je, unaweza kulipia mwongozaji kwa asubuhi nzima badala ya mzunguko mmoja? Je, anayekuongoza anaijua miti kwa majina, au anajua njia tu? Swali la tatu wengi huona aibu kuliuliza, lakini ndilo lenye pesa yako. Mwongozaji mzuri atakuonyesha msesewe kwa ganda lake bila kutazama majani, kisha atakwambia hilo ndilo ganda linalotia uchungu kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Mwongozaji wa njia tu atakwambia "huu ni mti wa asili". Wote wawili bei moja.

Kufika ni rahisi. Kutoka Arusha mjini unapanda daladala za Tengeru au Usa River, unashuka Tengeru, kisha bodaboda hadi getini. Kutoka Moshi ni kama kilomita 65, basi lolote la Arusha litakushusha hapo barabarani, ila huwezi kuwahi macheo kwa basi. Lala Tengeru au tumia eneo la kambi lililo ukingoni mwa ziwa. Epuka Jumatano na Jumamosi. Hizo ni siku za gulio la Tengeru, na ukitoka msituni mchana unaingia kwenye foleni ya mikungu ya ndizi, pikipiki na mbuzi. Kiingilio cha msitu wa serikali hulipwa kwa namba ya malipo, si mkononi, na raia hulipa tofauti na mgeni. Beba kitambulisho, na simu iwe na salio na chaji.

Kituo cha kwanza kiwe ukingoni mwa maji, penye mafunjo na matete, na jua likiwa mgongoni. Kaa chini kabisa, si kwenye jiwe la juu. Mtu aliyesimama ana umbo la mtu. Aliyekaa na mgongo wake uko kwenye shina hana umbo la kutisha. Dakika 15 za kwanza usitegemee kitu. Huo ndio muda ambao ndege wanahitaji ili waache kukuhesabu, na ndio muda ambao kikundi kinachotembea hakiwapi kamwe.

Baada ya hapo maji huanza kuzungumza. Kibisi, yule bata mdogo asiye bata, atazama na kuibuka mita kumi mbali na ulipomtarajia. Akiwa na vifaranga huwabeba mgongoni, vichwa vyenye milia vikichungulia kwenye manyoya. Mnandi atakuwa kwenye mti mkavu na mabawa wazi kama koti lililoanikwa. Sababu ni kwamba manyoya yake huloa. Hilo humsaidia kuzama, lakini linamgharimu muda wa kujikausha. Furukombe, tai mla samaki, utamsikia kabla ya kumwona. Anaporusha kichwa nyuma na kupiga ule mlio wake, mara nyingi mwenzake hujibu, na ukisikia majibizano hayo tafuta mti mrefu kuliko yote upande huo, kisha tafuta rundo la vijiti penye panda. Ni tago lake, na hulitumia mwaka hadi mwaka kwa kuliongezea vijiti.

Wadiria, ndege wavuvi wenye mdomo mrefu, wapo wa saizi tatu na ni kosa la kawaida kuwachanganya. Mdogo, urefu wa kidole cha mtu mzima na zaidi kidogo, buluu mgongoni na rangi ya kutu kifuani, hukaa chini kwenye unyasi karibu na maji. Mweusi na mweupe huelea hewani akipigapiga mabawa mahali pamoja kabla ya kujitupa kama jiwe. Huyo ndiye pekee kati ya watatu anayewinda hivyo kwa mazoea, kwa hiyo anaweza kuvua katikati ya ziwa pasipo tawi la kukalia. Wa tatu ni mkubwa, karibu saizi ya kunguru, mdomo kama patasi, naye anapenda tawi nene lenye kivuli. Akiruka hupiga kelele za kukwaruza, na wewe unajua kwamba umesogea.

Kenge usimsubiri saa hiyo. Damu yake hupata joto kutoka nje, hivyo hutoka kuota jua kuanzia saa tatu hivi, juu ya magogo na kingo zinazotazama mashariki. Watu humkosa kwa sababu wanamtafuta majini. Mtafute kwenye gogo, na uanze na mkia, maana ndio unaokatiza mstari wa gogo.

Kituo cha pili ni mkuyu wenye matunda. Hapa mwongozaji analipwa kwa haki, kwa sababu mikuyu haizai kwa pamoja. Mmoja una tele, jirani yake hauna hata moja, na mwezi ujao mambo yamegeuka. Anayepita kila siku anajua upi uko tayari. Angalia rangi: makuyu mabichi ni ya kijani, yaliyoiva huelekea manjano na wekundu na hulainika. Chini ya mti wenye matunda yaliyoiva utakuta mabaki yaliyong'atwa upande mmoja, kinyesi chenye mbegu ndogondogo, na harufu tamu ya kuchacha.

Chukua kuyu moja lililoanguka, lipasue kwa kucha katikati. Ndani si nyama ya tunda; ni maua, mamia, yamegeuziwa ndani. Huenda ukakuta vinyigu vidogo kuliko punje ya ufuta. Kila aina ya mti wa jamii ya mkuyu ina kinyigu chake cha kuichavusha. Jike huingia kwa tundu la mbele, tundu jembamba kiasi kwamba mara nyingi mabawa hubaki mlangoni, anataga, anasambaza chavua, anafia humo. Watoto wake hutoka na chavua mpya kwenda kutafuta mkuyu mwingine. Ndiyo maana mikuyu haiwezi kuzaa yote kwa wakati mmoja. Ikifanya hivyo, kinyigu anayetoka leo hana pa kwenda kesho naye huishi siku moja mbili tu. Na ndiyo maana hekta 19 zinaweza kulisha kima na hondohondo, wale ndege wakubwa wenye mdomo mkubwa, wakati mashamba ya jirani yamekauka: mwezi wowote, mahali fulani, kuna mkuyu mmoja uliofungua duka.

Hondohondo hawafichiki. Mabawa yao yanapopita juu hutoa sauti ya kukata hewa, vuu, vuu, vuu, unaisikia kabla ya kuinua kichwa. Akila, hulishika kuyu kwa ncha ya mdomo, hulirusha nyuma na kulimeza. Dume akionekana anameza mengi mfululizo bila kutulia, kisha anaruka moja kwa moja kuelekea upande uleule kila mara, fuatilia kwa macho. Huenda ana jike aliyejifungia kwenye tundu la mti kwa ukuta wa udongo na kinyesi, amebakiza upenyo wa kupokelea chakula. Usiufuate mti huo hadi shinani. Tazama kwa mbali, dakika kumi, ondoka.

Kituo cha tatu ni kwenye kivuli, pale njia inapopanda na msitu kufunga. Watu hupita hapa haraka kwa sababu hakuna kinachometameta. Ndipo penye majira yenyewe. Inua macho kwanza: baadhi ya vichipukizi si vya kijani bali vina wekundu, zambarau iliyofifia, rangi ya shaba, na vinaning'inia kama vimenyauka. Mwenye mwembe nyumbani anaijua hali hiyo. Rangi hiyo hukinga jani changa dhidi ya jua kali kabla mitambo yake ya chakula haijakamilika, na hulifanya lisiwavutie sana wadudu. Baada ya wiki mbili tatu jani hilohilo limesimama, limekuwa kijani na gumu. Kama wataka kurekodi kuamka kwa msitu kwa namba, chagua miti mitano, si hamsini: mruka mmoja, msesewe mmoja, mkuyu mmoja, na miwili yoyote ambayo utaitambua tena. Kila ujapo andika tarehe na hali: tupu, vichipukizi, majani machanga, maua, matunda mabichi, matunda yaliyoiva. Tambua mti kwa alama za mahali, kwa mfano "hatua 40 baada ya kona ya pili, kushoto, shina lenye kovu". Usipige msumari wala kuchonga ganda. Kidonda cha ganda ni mlango wa fangasi.

Kisha inamisha macho. Mvua ya kwanza huitoa dunia ya chini yote kwa pamoja. Jongoo wakubwa weusi huvuka njia, konokono hung'oa kifuniko alichojifungia wakati wa kiangazi, na uyoga huchomoza kwenye vichuguu usiku mmoja. (Uyoga ni wa kutazama. Anayeujua wa kula ameonyeshwa na mama au bibi yake kwa miaka. Hakuna picha ya simu inayotosha.) Kwenye misitu ya ukanda huu hutoka pia kitunguu pori chenye ua jekundu la duara, kubwa kama chungwa, limesimama peke yake juu ya bua tupu kama mtu amelichomeka, majani hufuata baadaye. Lina sumu, kuanzia kitunguu hadi jani, basi mtoto asilichume.

Kumbikumbi ni sherehe. Wakitoka baada ya mvua, kaa karibu na tundu lao lakini si juu yake, na hesabu wageni: mijusi, vyura, kuku wa jirani kama uko ukingoni mwa msitu, ndege wadogo wanaowadaka hewani, na juu kabisa mwewe wakiwala huku wakiruka. Katika nusu saa utaona aina nyingi kuliko mzunguko mzima wa ziwa. Mwongozaji akikwambia "twende, kuna kizuri mbele", mwambie bado.

Kima hawana shida ya kuonekana. Shida ni kuwaelewa. Wakiwa wanakula huku wakitoa vijisauti vya chini, hawajali uwepo wako. Dume akianza kutoa mlio mkavu wa kukata, wa kurudiarudia, na wengine wakashuka kutoka vileleni kuingia kwenye majani mazito, usimtazame yeye; tazama mbinguni. Huo mara nyingi ni wito wa tai. Tumbili wa pale getini na kambini ni habari nyingine, wanajua mfuko wa karanga kwa sauti yake. Usiwape kitu. Tumbili aliyelishwa huanza kunyang'anya, na anayenyang'anya mwisho wake hupigwa mawe na watu waliomfundisha.

Ndege wa kutoa unabii hapa ni kekeo mwenye kifua chekundu. Sauti yake ni noti tatu zinazoshuka, tena na tena, wakati mwingine usiku kucha, na wakulima sehemu nyingi huichukulia kuwa ni tangazo la mvua. Kumwona ni kazi, kwa sababu hukaa juu kabisa katikati ya majani bila kutikisika. Anaimba kipindi hicho kwa kuwa ndege wanaomlelea watoto, wale wadogo waimbaji wa vichakani, wanaanza kujenga matago wadudu wanapoongezeka. Yeye hutaga humo na kuondoka.

Kuanzia saa nne, sogea mahali penye anga wazi. Wakati msitu wa Duluti unaamka, kuna wageni wanaofunga mizigo. Mbayuwayu waliokaa nasi tangu miezi ya mwisho ya mwaka hujipanga kwenye nyaya za umeme barabara ya Arusha–Moshi, wakiwa wamepata manyoya mapya. Ndio haohao ambao Ulaya wakiwaona wanasema msimu wa kuchipua umefika. Keremkerem wa Ulaya hupita juu kwa makundi wakiitana kwa mlio laini wa kuviringika, mara nyingi juu sana hivi kwamba sauti inafika na ndege hawaonekani. Tai na vipanga wa safari ndefu husubiri hewa ipate joto ndipo wapande kwa kuzunguka bila kupiga bawa, ndiyo maana hakuna maana ya kuwatafuta saa moja asubuhi. Na kule vichakani kuna ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, gramu kumi hivi, ambaye miezi iliyopita hakusikika sana. Mwezi Machi huanza kufanya mazoezi ya wimbo wake, kwa sauti ya chini na bila kumaliza, kabla hajaenda kuuimba kwa nguvu huko Ulaya.

Mtumbwi hulipiwa pembeni. Unastahili, kwa sharti kwamba uwe saa ya kwanza au usiwepo. Kutoka majini unaona ukuta wa msitu kwa mbele, vilele na mizizi kwa pamoja, kitu ambacho njia ya miguu haikupi. Lakini asubuhi ikishasonga upepo hukunja uso wa maji, mtumbwi huyumba, na darubini inakuwa pambo. Kwa kuwa saa ya kwanza ni moja tu, chagua: siku ya kwanza ukingoni, siku ya pili mtumbwini. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na lifungwe mikanda yote. Linaloshikiliwa mkononi halijamwokoa mtu.

Darubini. Kwenye msitu chukua 8x42, si 10x42, wala zile ndogo za mfukoni. Hesabu ni nyepesi: gawa namba ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni kwa milimita. 42 kwa 8 ni 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2, 25 kwa 8 ni 3.1 tu. Macheo chini ya miti, mboni imefunguka, na ile ya 3.1 inakupa ndege mweusi kila mara. Pia ukuzaji wa 10 hukuza mtikisiko wa mkono na hupunguza eneo unaloliona, na ndege wa msituni hakupi sekunde tano za kumtafuta. Hakikisha inaona karibu, mita mbili au tatu, vinginevyo vipepeo na vinyonga umewapoteza. Kosa linaloua darubini nyingi msimu huu ni kuzifungia zikiwa na unyevu ndani ya mkoba wa plastiki. Lenzi huota ukungu wa fangasi ambao haufutiki kwa kitambaa. Ukifika nyumbani ifute, iache wazi mahali pakavu usiku mzima.

Viatu ni gambuti au vyenye meno makubwa. Udongo wa volkano ukikauka ni unga, ukiloa ni sabuni, na njia ya Duluti ina sehemu zinazoshuka moja kwa moja kuelekea maji. Suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Ukiona mstari mweusi unaotiririka njiani, ruka kwa hatua moja ndefu, kisha simama mita tatu mbele na ujikague. Wanaoumwa ni wale wanaosimama juu ya mstari wakishangaa. Kuna pia kidudu chembamba chenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa, hutokea kwa wingi mvua zinapoanza. Hakiumi. Kikitua shingoni kipulize, usikiponde, kwa sababu majimaji yake ndiyo yanayochoma ngozi na kuacha malengelenge siku ya pili. Ukishakiponda, osha kwa sabuni kabla ya kugusa macho.

Jambo moja la kukataa waziwazi: kupiga sauti za ndege kwa simu ili waje. Baadhi ya waongozaji hufanya hivyo wakidhani wanakupa zaidi. Mwanzoni mwa msimu dume anayesikia mpinzani huacha kulisha, huacha tago, anakuja kupigana na kipaza sauti. Kwenye msitu wa hekta 19 dume huyohuyo anaitwa na kila kikundi. Sema hapana mapema, kwa heshima, kabla hamjaanza.

Nyota iliyokatwa ni ya mambo mawili. La kwanza ni kelele: muziki wa sherehe za mwishoni mwa wiki hupita juu ya maji bila kizuizi, na kreta huurudisha. Njoo siku ya kazi. La pili ni udogo wa msitu wenyewe, ambao haumstahimili mtu anayetaka siku nzima ya kitu kipya. Huyo aende Rau, Moshi, kilomita chache kutoka mjini. Ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, hekta 570 hivi, tambarare, una mivule mikubwa ya kukumbatiwa na watu kadhaa, una mbega, na una msoo, mti adimu sana ambao Rau ni mojawapo ya makazi yake machache. Ila kwa mwezi Machi hasa, Duluti inaushinda kwa kitu kimoja: maji na msitu viko kwenye jicho moja, na kwa mtu mwenye asubuhi moja hilo ni jambo kubwa. Rau baada ya mvua mbili tatu, matope yake yanavua gambuti.

Kama umelala kambini, usilale mapema. Jua likizama kama saa 12:45 jioni, vyura wa matete huanza mmoja mmoja, kisha kwa mkupuo, milio ya kugonga kama glasi ndogo. Chukua tochi ishikwe usawa wa macho, si kiunoni, na upitishe mwanga polepole kwenye ncha za matawi ya vichaka. Kinyonga aliyelala hupauka, na kwenye mwanga huonekana kama ukanda wa karatasi ulionaswa kwenye jani. Mchana ungepita mbele yake mara kumi. Usimtoe kwenye tawi. Alichagua jembamba makusudi, ili nyoka akipanda atikise, naye aamke na kujiangusha.